Nyota mbili, mabondo: namna ya kubuni alama za orodha ndani ya orodha kwenye wiki

Kila alfajiri, boti za dagaa zikishatia nanga, simu yangu inaita. Ni mama mmoja mfanyabiashara wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Ananitajia bei za mwaloni kwake, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, nami hapa Kirumba, Mwanza, naziandika kwenye wiki ndogo ninayoitunza na wenzangu wanne. Hana kompyuta wala hana haja nayo. "Mwanangu, andika sangara," anasema. "Chini yake, wa kilo moja mpaka mbili. Wa kilo tatu kwenda juu. Mabondo. Haya, rudi juu: sato."

Hiyo "chini yake" na hiyo "rudi juu" ndiyo orodha ndani ya orodha. Yeye anaisema bila kufikiri. Sisi tuliokaa mbele ya skrini ndio tuliohangaika miezi kadhaa kutafuta alama za kuiandika, na tukakosea mara nyingi. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayejenga wiki ya watu wake, iwe ya kikundi cha wavuvi, ya shule au ya mafundi, na anataka mtu asiyefundishwa aweze kuandika orodha yenye ngazi mbili au tatu bila kuuliza.

Kwa asiyeijua wiki kwa ndani: ni ukurasa ambao msomaji anaweza kuuhariri papo hapo. Ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995, akaipa jina la Kihawaii "wiki wiki", yaani haraka haraka. Mwandishi hagusi HTML, lugha ya kompyuta inayojenga kurasa za mtandao. Anaandika maneno ya kawaida na alama chache, kisha programu inazigeuza kuwa HTML. Aliyewahi kuhariri Wikipedia ya Kiswahili anajua kwamba nyota mwanzoni mwa mstari huleta kitone, na alama ya reli (#) huleta namba. Kazi yetu ni kuchagua alama hizo, na kanuni zake, kwa kuangalia watu watakaozitumia.

Hatua ya 1: Kusanya orodha ambazo watu wameshaandika kwa mkono

Usianze na kompyuta. Nenda ukaombe madaftari. Mimi nilipewa daftari la hesabu la mama mwingine, muuzaji wa dagaa hapa Kirumba, lile la mirabaraba la shule. Nililipiga picha kurasa kumi kwa ruhusa yake, nikakaa nazo jioni nzima.

Ukurasa mmoja nauona mpaka leo. Juu ameandika "Safari J3" na kupiga mstari chini yake. Inafuata "Mafuta" yenye kistari mbele, halafu "Betri za taa" yenye kistari, halafu "Vijana" yenye kistari. Chini ya "Vijana" amesogea kulia vyumba viwili vya mirabaraba na kuweka mshale mdogo kwa kila kijana aliyelipwa. Chini ya kijana mmoja aliyechukua pesa kwa awamu, amesogea tena na kuandika (i), (ii), (iii). Hapo karatasi ikamwishia. Kwa hiyo kwa kijana wa pili hakusogea tena kulia, maana nafasi haikuwepo. Aliandika (i) na (ii) moja kwa moja chini ya mshale, na mtu yeyote akisoma anaelewa kwamba awamu hizo ni za yule kijana.

Nikarudia kurasa zote kumi nikitafuta jambo hilo hilo, na nikalikuta tena na tena. Mtu anaonyesha kina kwa njia mbili kwa pamoja: anasogea kulia, na anabadilisha alama. Nafasi ikibana, anaacha kusogea. Alama haiachi. Kama ungesoma mwongozo huu mpaka hapa tu, ningependa uende na jambo hilo, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yametoka kwenye daftari lile.

Hatua ya 2: Amua kina kitaonyeshwa na nini

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupima nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Ya pili ni kurudia alama.

Njia ya nafasi ina historia ndefu. Wiki ya Cunningham yenyewe ilianza na tabo, ile nafasi ndefu ya kitufe cha Tab, ikifuatiwa na nyota, na tatizo lilijitokeza mapema: ukibonyeza kitufe cha tabo ndani ya kivinjari, unarushwa kwenye kisanduku kingine. Ikabidi kuwe na kitu cha kuteua ili programu igeuze nafasi kuwa tabo wakati wa kuhifadhi. DokuWiki, programu nyingine ya wiki iliyotoka 2004, inataka angalau nafasi mbili kabla ya nyota au kistari. Markdown ya John Gruber, lugha ya alama ya mwaka huo huo, ilitumia nafasi nne au tabo moja kuingiza aya ndani ya kipengele, na programu zilizokuja baadaye zikatofautiana: nyingine zikakubali mbili, nyingine tatu. CommonMark, kanuni za pamoja za Markdown, ilianza 2014 ili kumaliza utata huo, ikaamua kwamba orodha ya ndani lazima ifike pale maneno ya kipengele cha juu yanapoanzia. Kanuni ni safi, lakini ina matokeo yake: chini ya "9." unahitaji nafasi tatu, chini ya "10." unahitaji nne. Jaribu kumweleza hilo fundi wa injini mwenye mikono ya oili.

Njia ya kurudia alama ndiyo ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia. Nyota moja ni ngazi ya kwanza, mbili ni ya pili, tatu ni ya tatu:

    * Sangara
    ** Minofu
    ** Mabondo
    ** Mapanki
    * Dagaa
    ** Wa kwenye chanja
    ** Wa mchangani
    * Sato

Mimi nasimama na njia hii bila kusita, na sababu zangu ni za hapa. Kibodi ya kawaida ya simu haina tabo. Kwenye skrini ya simu, kuona kama nafasi ni mbili au tatu ni kazi ya macho makali. Ukinakili orodha kutoka kwenye ukurasa ulioonyeshwa tayari, kivinjari kwa kawaida kimeshazikunja nafasi nyingi kuwa moja, na kina chote kimepotea njiani.

Lakini sababu kubwa ni simu ya alfajiri. Yule mama wa Ukerewe hawezi kunitajia nafasi. Hakuna neno la kuzitaja ambalo sitalihesabu vibaya upepo ukivuma kwenye simu. Nyota anaweza. Baada ya siku saba tu za kuzoeana alianza kusema mwenyewe: "Nyota moja, sangara. Nyota mbili, mabondo." Hakufundishwa neno lolote jipya. Kila anayetuma pesa kwa M-Pesa Tanzania ameshasema "nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri reli" mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Nyota na reli zipo mdomoni tayari. Alama inayotamkika ni alama inayofika, na kipimo hiki sijakiona kwenye miongozo mingi ya kazi hii, ingawa kwetu ndicho kilichoamua.

Anayependa kusogea kulia usimzuie. Programu na ipuuze nafasi zote zilizo kabla ya alama ya kwanza. Aandike `** Mabondo` ukingoni au asogee nusu ya skrini, matokeo yawe yale yale.

Hatua ya 3: Dai nafasi moja kati ya alama na neno

Hapa tuliumia. Toleo letu la kwanza lilifuata MediaWiki neno kwa neno, ambako nafasi baada ya nyota si lazima. Mmoja wetu aliandika ukurasa wa namna ya kumlipa mwenye boti kwa simu, na mstari mmoja ulianza hivi:

    *150*00# kisha chagua kutuma pesa

Programu ikaona nyota mwanzoni mwa mstari, ikaila, ikaweka kitone. Msomaji akaona kitone kizuri na maneno "150*00# kisha chagua kutuma pesa". Watu wakabonyeza 150, wakakwama, wakatupigia. Siku mbili nzima hakuna aliyegundua kosa, kwa kuwa mwandishi alipofungua ukurasa kuhariri, nyota ilikuwepo. Lilionekana tu kwa yule aliyesoma.

Dawa yake ni mstari mmoja wa kanuni: alama za orodha ni alama tu pale zinapofuatwa na nafasi. `* Sangara` ni orodha. `*150*00#` si orodha. `#Mwanza` si orodha.

Kanuni hiyo hiyo inaponya ugomvi wa pili, ule wa maandishi mazito. Watu wamezoea WhatsApp, ambako neno likiwekwa kati ya nyota mbili linakuwa zito: `*muhimu*`. Wataandika hivyo kwenye wiki yako upende usipende. Kwa sharti la nafasi, `*Muhimu* kagua mafuta` ni neno zito na `* Muhimu kagua mafuta` ni kipengele cha orodha.

Walioandaa Creole, lugha ya alama iliyokusudiwa kuwa ya pamoja kwa wiki zote (toleo la 1.0 ni la 2007), walikutana na ugomvi huu kwa sababu kwao uzito ni nyota mbili mbili, na ngazi ya pili ya orodha nayo ni nyota mbili. Wakaamua hivi: mstari unaoanza na nyota mbili ni orodha kama mstari wa juu yake ni wa orodha, la sivyo ni maandishi mazito. Ni uamuzi wa busara kwa aliyefungwa na alama za zamani. Kwa anayeanza upya siushauri. Mstari ukihamishwa kutoka juu kwenda chini unabadilika maana bila hata herufi moja kuguswa, na mwandishi hatajua ni kwa nini.

Je, mtu akisahau nafasi? Mwonyeshe alichoandika, nyota zake zote zikiwa mahali pake. Akiona `**Mabondo` imebaki hivyo hivyo kwenye ukurasa, atarudi kurekebisha. Asichokiona hawezi kukirekebisha.

Hatua ya 4: Hesabu alama zote, aina ichukue ya mwisho

Orodha za kweli huchanganya namba na vitone. Hatua za kazi zina mpangilio, vitu vya kuangalia ndani ya hatua havina:

    # Ondoa kofia ya injini
    # Toa plagi
    #* Tumia spana ya plagi
    #* Usivute waya, shika kofia ya plagi
    # Safisha plagi

Idadi ya alama ni kina. Alama ya mwisho ni aina. Basi. Tofauti na MediaWiki, sisi hatujali alama za mbele ni zipi. Mtu akiandika `**` chini ya `#`, programu inaelewa kwamba anataka kitone ngazi ya pili. MediaWiki ingeifunga orodha ya namba na kuanza nyingine, na hesabu ya hatua ingevurugika. Tuliwaangalia waandishi wetu: karibu kila mmoja aliandika `**` pale ilipotakiwa `#*`, na kila mara tulijua alichokusudia. Kama binadamu anajua, programu nayo ijue.

Kuna anayeuliza kwa nini tusitumie namba zenyewe, 1, 1.1, 1.1.2, kama nyaraka za ofisini. Zinaonyesha kina, na zinatamkika. Tulizijaribu. Kwanza, ukiingiza hatua mpya katikati, unabadilisha namba zote zinazofuata kwa mkono. Pili, na hili ndilo lililozika wazo lile, mtu aliandika mstari "2.5 kilo za sato" na programu ikamfanya sato kuwa kipengele cha tano chini ya cha pili.

Alama ya `•` ambayo simu huibandika, na kistari kimoja kinachofuatwa na nafasi, zikubaliwe kama nyota moja. Madaftari yote niliyoona yana vistari. Maandishi ya mtu usiyageuze. Yasome tu kama alivyoyaandika.

Hatua ya 5: Linda namba zisianze upya

Hii ndiyo hatua ninayoiomba usiipite haraka.

Kijana mmoja wa kisiwa cha Kome alikuwa kwenye boti, injini imezima, mtandao dhaifu. Amefungua ukurasa wetu wa plagi na kabureta. Fundi aliyeuandika yuko Igogo, mjini Mwanza, wanaongea kwa simu. Fundi anamwambia, "Rudia hatua ya pili." Kijana anarudia hatua ya pili. Injini haiwaki. Wanazunguka hivyo mpaka salio la mmoja wao linakwisha.

Tulipokuja kuangalia, ukurasa ulikuwa na hatua ya pili mbili. Fundi alikuwa ameandika hatua nne, akaweka picha ya kabureta, akaendelea. Mstari wa picha haukuwa na alama ya reli, kwa hiyo programu iliona orodha imekwisha. Hatua ya tano ikaandikwa 1, ya sita ikaandikwa 2. Fundi alisoma kichwani mwake, kijana alisoma skrini.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kwenye MediaWiki, mstari mtupu kati ya vipengele viwili vya reli unatosha kuirudisha namba kwenye 1, na aya ya pili ya kawaida ndani ya kipengele kimoja, isiyosogezwa kulia, inakulazimu kurudi kwenye HTML. AsciiDoc, lugha nyingine ya alama, ya 2002, ina njia yake: unaweka alama ya jumla (+) peke yake kwenye mstari, na kinachofuata kinaambatanishwa na kipengele cha juu. Inafanya kazi, lakini mstari wenye jumla tupu unamfanya msomaji mgeni adhani ni kosa la mchapaji, na nimeona watu wakiufuta kwa nia njema.

Kanuni zetu, baada ya kisa cha Kome, ni hizi nne. Mstari mtupu mmoja hauvunji orodha iwapo mstari unaofuata una alama za orodha. Mstari wa picha peke yake, uliokaa kati ya vipengele viwili, ni mali ya kipengele cha juu yake. Mstari usio na alama unaofuata mara moja chini ya kipengele, bila mstari mtupu, ni mwendelezo wake, kwa sababu watu wa simu hubonyeza kitufe cha kushuka katikati ya sentensi. Na anayetaka aya nyingine kamili ndani ya kipengele aandike alama zile zile na kuongeza nukta pacha:

    # Fungua kabureta
    #: Kama ina mchanga au maji chini, safisha kabla ya kuendelea. Kwenye boti za dagaa maji huingia sana.
    # Rudisha kabureta

Nukta pacha tuliiazima MediaWiki, ambako `#:` huendeleza kipengele bila kukipa namba mpya. Inatamkika: "reli, nukta pacha".

Orodha inakwisha kwa kichwa kipya, kwa mistari mitupu miwili, au kwa aya ya kawaida baada ya mstari mtupu. Niliogopa kwamba mistari mitupu miwili itawachanganya watu. Haikuwachanganya. Kwenye madaftari yao pia, jambo jipya huanza baada ya kuruka mistari miwili.

Hatua ya 6: Mwandishi akiruka ngazi, mpokee

Mtu ataandika nyota moja, kisha tatu. Ameharakisha, au amehesabu vibaya. MediaWiki hutii kwa ukamilifu, inafungua ngazi mbili kwa mpigo, na msomaji anaona vitone viwili vimekaa sambamba kwenye mstari mmoja. Programu nyingine zinaweza kukataa kuhifadhi. Yote mawili yanamwadhibu mtu kwa nyota moja. Cunningham aliweka uvumilivu kati ya kanuni za wiki yake: afadhali tokeo linaloeleweka, hata kama si zuri, kuliko ujumbe wa kosa. Kwa mtu anayeandika akiwa amesimama kwenye mchanga na ndoo mkononi, naikubali kanuni hiyo moyo wote.

Namna ya kuitekeleza ni rundo. Fikiria sahani zilizopangana: unaweka juu, unatoa juu. Kila sahani imeandikwa idadi ya alama ambazo mwandishi aliziweka. Mstari mpya ukija, hesabu alama zake. Toa sahani zote zenye idadi kubwa kuliko yake. Kama sahani iliyobaki juu ina idadi sawa, mstari ni ndugu yake. Kama ni ndogo, au hakuna sahani, weka sahani mpya. Ngazi ya kweli ya mstari ni idadi ya sahani zilizopo, si idadi ya nyota.

Tufuate mfano:

    * Sangara
    *** Minofu
    ** Mabondo
    * Sato

"Sangara" ana moja, rundo ni [1], ngazi ya kwanza. "Minofu" ina tatu, ambayo ni zaidi ya moja, rundo ni [1, 3]. Sahani ni mbili, kwa hiyo ngazi ni ya pili. "Mabondo" yana mbili: sahani iliyoandikwa 3 inatoka, inabaki [1], inaingia iliyoandikwa 2, rundo ni [1, 2]. Ngazi ni ya pili tena. "Sato" ana moja: iliyoandikwa 2 inatoka, inabaki [1], amekuwa ndugu wa sangara. Minofu na mabondo vimekaa pamoja chini ya sangara, kama mwandishi alivyotaka.

Tahadhari moja kwa anayeandika msimbo. Pale sahani iliyoandikwa 3 inapotoka na iliyoandikwa 2 kuingia mahali pale pale, usiifunge orodha na kufungua nyingine. Badilisha tu idadi iliyoandikwa kwenye sahani. Ukifunga, orodha ya namba itaanza tena kwenye 1, na umerudi kwenye boti ya Kome.

Idadi ya ngazi hatukuiwekea mpaka. Lakini nyota zikifika tano jicho halizihesabu tena kwa mtupo mmoja, na kwenye simu hata sikio linapotea. Ukiona ukurasa unaofika huko, mara nyingi unahitaji vichwa vidogo ndani yake.

Hatua ya 7: Toa HTML iliyo sahihi

Fupi, lakini wengi hukosea. Orodha ya ndani lazima ikae ndani ya kipengele cha juu, kabla hakijafungwa:

    <ul>
      <li>Sangara
        <ul>
          <li>Minofu</li>
          <li>Mabondo</li>
        </ul>
      </li>
      <li>Sato</li>
    </ul>

Ukifunga `</li>` baada ya "Sangara" na kuweka `<ul>` nje yake, macho hayataona tofauti. Programu zinazowasomea wasioona ndizo zitakazoiona, kwa kuwa zinatangaza kina cha orodha kwa kufuata mpangilio huo. Tunaye msomaji wa namna hiyo, na kwake "chini ya sangara" ni jambo la kusikia, kama kwa yule mama wa simu.

Weka pia njia ya kuzima alama, kwa anayetaka mstari uanze na nyota na nafasi bila kuwa orodha. Mkwaju wa nyuma mbele ya nyota, `\* `, unatosha. Watakaouhitaji ni wachache.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mdomo na kwa simu ya bei nafuu

Andaa orodha moja ya mistari kumi na miwili yenye ngazi tatu, mchanganyiko wa namba na vitone, picha moja katikati, na mstari mmoja unaoanza na `*150*00#`. Ichapishe kwenye karatasi kama msomaji atakavyoiona, bila alama zozote. Mpe mtu asiyewahi kuona wiki yako pamoja na simu yenye kioo kidogo. Mwambie mambo mawili tu: nyota ni kitone, reli ni namba. Usimwambie kuhusu kurudia. Kaa kimya utazame.

Kwetu walijaribu watu tisa. Sita walirudia nyota wenyewe kwa ngazi ya pili. Wawili walisogea kulia kwa nafasi wakiwa na nyota moja, wakaona kwamba haikukubali, wakaongeza nyota ya pili. Mmoja alikwama, akauliza. Watu tisa si utafiti, ila walitosha kutuonyesha pa kurekebisha: tuliongeza mfano wa mistari mitatu juu ya kisanduku cha kuandikia, na aliyekuja baada ya hapo hakuuliza.

Kisha jaribu kwa mdomo. Mtu mmoja asome orodha kwenye simu, mwingine aandike bila kuiona. Linganisha karatasi mbili. Kila palipotofautiana, uliza aliyesoma alitamka nini hasa, uandike maneno yake, si yako. Kwetu tofauti ilibaki sehemu moja: kurudi juu. Mama akisema "rudi juu" kutoka ngazi ya tatu, sikujua kama ni ya pili au ya kwanza. Nilimuuliza asubuhi iliyofuata.

"Shikamoo mama. Ukisema rudi juu, nirudi wapi?"

"Marahaba. Kwani sijakutajia nyota?" akajibu. "Nikitaja nyota, weka nyota nilizotaja. Nisipotaja, weka moja."

Kanuni hiyo sasa imeandikwa kwenye ukurasa wetu wa msaada, mstari wa kwanza kabisa.